Je, wajua? Mngurumo wa umeme wa mji, ule wa kwenye nyaya, ndio unaonyesha sauti ya kweli ya opera za zamani

Watu wa kwaya hapa Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Katuba, wanajua: shusha wimbo nusu toni tu, tenori anapumua. Sasa chukua opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya redio ya miaka ya 1940, tenori anapanda mpaka do ya juu, ni yeye kweli ao ni sahani ya muziki (santuri) imezunguka haraka?

Kule New York, jumba la Metropolitan Opera walirusha opera nzima redioni tarehe 25 Desemba 1931, baadaye ikawa desturi ya Jumamosi mchana. Tepu ya sumaku ilikuwa haijafika kwao, kwa hiyo walichonga sauti moja kwa moja kwenye sahani kubwa za alumini za inchi 16 zilizopakwa laka (aina ya vanishi), upande mmoja robo saa hivi. Opera ya masaa matatu inakula pande kumi na zaidi, mashine mbili zinapokezana, na kila moja inaweza kuwa na mwendo wake! (Wakati wa vita alumini ikawa adimu, wakapaka laka juu ya kioo, na kioo kikivunjika basi, imekwisha.) Mwendo ukizidi kwa asilimia 6 hivi, muziki wote unapanda nusu toni na soprano anakuwa kama mtoto.

Utasema si wafuate tu noti za mtunzi, kama Verdi. Haitoshi kabisa, sababu waimbaji wenyewe wanahamisha, wimbo "Di quella pira" wa Il trovatore, opera ya Verdi, matenori wengi wanaiimba nusu toni chini, kwa hiyo ukirekebisha kwa kufuata kitabu unampa mtu do ambayo hakuimba, na huo ni uongo.

Hapo ndio naupenda mngurumo. Mashine zilikula umeme wa mji, umeme wa Marekani unatetemeka mara 60 kwa sekunde, na ile "mmmm" ndogo mara nyingi iliingia ndani ya sahani bila mtu kutaka. Leo fundi anaitafuta kwenye kompyuta: akiikuta 61.8 anajua sahani inakimbia asilimia 3, anaipunguza mpaka 60, upande kwa upande. Kama ilinakiliwa baadaye Ulaya kuna mngurumo wa pili, wa 50 kama umeme wa kule, lazima ajue upi ni upi. Mikwaruzo nayo inatolewa, lakini mimi nasema ibaki kidogo, ukisugua sana unaondoa na pumzi ya mwimbaji.

Hapa Congo umeme wetu ni 50. Kwa hiyo ukiwa na tepu za zamani za kwaya ya parokia na unataka kuziingiza kwenye kompyuta, tafadhali usianze na kufuta mngurumo, pima kwanza. Kama walirekodi na betri utaukosa, basi sikiliza harmoniamu (kinanda cha upepo) kama ipo, ile haishuki hata waimbaji wakichoka.