Je, wajua kwa nini kabati la dawa la kompyuta linamsimamisha nesi foleni?

Watu wengi wakisikia hospitali imeleta mashine ya kutoa dawa wodini, wanajenga picha ya roboti linalochambua vidonge na kumkabidhi nesi mkononi, yeye kazi yake ni kumpelekea mgonjwa tu basi. Sivyo kabisa. Lile ni kabati, lina droo nyingi na skrini, na kompyuta ndani yake inaamua droo ipi ifunguke na kwa nani. Yalianza kuingia hospitali za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, Pyxis ikiwa kati ya kampuni za mwanzo.

Daktari akiandika oda, mfamasia anaipitia kwenye kompyuta yake, anaangalia dozi, aleji, na kama dawa inagongana na nyingine, akiipitisha ndio jina la dawa linatokea kwenye skrini ya wodini. Nesi anaweka kidole, anachagua mgonjwa, anachagua dawa, droo inafunguka. Mashine imeishia hapo! Mkono unaochukua ni wa nesi, jicho linalosoma lebo ni la nesi. Kuna droo zina vijumba vyenye vifuniko na kinafunguka kimoja tu, hizo nzuri sana, lakini zipo ambazo ikifunguka unaona dawa zote ziko wazi na ya jirani unaichukua kirahisi tu.

Sasa foleni inatoka wapi? Chukulia ATM moja, jengo zima linataka kutoa pesa dakika zilezile, na kila mtu ana akaunti tano ambazo lazima azifungue moja moja. Ndivyo ilivyo saa ya dawa za asubuhi. Nesi mwenye wagonjwa watano anatakiwa achukue za mgonjwa mmoja, akampe, arudi kwa ajili ya wa pili, na akirudi anakuta wenzake wamejipanga. Ndio maana wengine wanachukua za wagonjwa wawili watatu kwa mpigo wanazitia mfukoni, na hapo hatari ya kuchanganya imeshaingia. Tena ATM inahesabu pesa yenyewe, hili kabati kwenye dawa za kulindwa sana kama mofini, ya maumivu makali, linamuuliza nesi: zilizobaki ni ngapi? Halimwonyeshi jibu. Anahesabu, anaandika, ikipishana na namba ya kompyuta ni tofauti ya kutolewa maelezo kabla shifti haijaisha. Na kama kichupa kina miligramu 4 na mgonjwa kaandikiwa 2, zinazobaki zinamwagwa mbele ya nesi mwingine ambaye naye anaingia kwenye mashine kuthibitisha, kwa hiyo kazi ya watu wawili imesimama.

Faida zipo, tena kubwa. Zamani kila kubadilishana shifti manesi wawili walikuwa wanafungua kabati la dawa hizo kwa funguo na kuhesabu kila kitu na daftari mkononi, hiyo imepungua sana. Dozi ya kwanza usiku nayo haisubiri mtu atoke famasia. Ila muda uliookolewa wodi moja usidhani utaokolewa hivyohivyo nyingine, manake inategemea makabati ni mangapi na manesi wangapi wanayategemea kwa wakati mmoja.

Kuna pia njia ya dharura, nesi anatoa dawa kabla mfamasia hajaipitia. Inahitajika kweli, mgonjwa anayekata roho hasubiri. Lakini mwaka 2017 hospitali ya Vanderbilt, Nashville, nesi alitafuta Versed, jina la biashara la dawa ya kutuliza, kwa kuandika VE, kabati likiwa limepangwa kwa majina halisi ya dawa ambapo Versed ni midazolam, akapita njia hiyo na kutoka na vecuronium inayolegeza misuli yote mpaka ya kupumulia. Mgonjwa alifariki, na mwaka 2022 nesi akatiwa hatiani mahakamani. Taasisi ya usalama wa dawa ya ISMP inashauri mashine idai angalau herufi tano za mwanzo ndio ionyeshe majina, na naona hizo herufi tatu za ziada zina thamani kuliko sekunde zinazochukua.

Na kabati linaamini kilichowekwa ndani yake. Indianapolis mwaka 2006, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya yuniti 10,000 kwa mililita iliwekwa sehemu ya ile ya watoto wachanga ya yuniti 10, mara elfu moja zaidi, droo ikafunguka sawasawa kama ilivyoagizwa na watoto watatu walifariki. Kwa sababu hiyo hospitali zinaskani kichupa wakati wa kujaza droo, halafu nesi anakiskani tena kitandani pamoja na bangili ya mgonjwa. Ni hatua nyingine kwenye asubuhi ambayo tayari imejaa, kwa hiyo hospitali inayonunua makabati haya ihesabu kwanza manesi watakaoyahitaji saa ya dawa, kisha ndio ipange yawe mangapi na yakae wapi.