Ushanga wa kioo hauwi duara kwa kufinywa

Wapenzi wengi wa shanga, Kampala na kwingineko, huamini kwamba ushanga wa kioo uliotengenezwa kwa mkono hulingana pande zote kwa sababu fundi ameufinya kwa kifaa ukiwa bado laini. Imani hiyo ina mantiki yake: mfinyanzi hufinya udongo, na shanga za karatasi, ambazo Uganda inajulikana sana kwazo, hukazwa kwa vidole.

Kioo kina tabia nyingine. Kwenye moto wa gesi, kioo cha kawaida hulainika kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi, kisha kikizidi kupata moto hutiririka polepole kama asali nzito. Mvutano wa uso wake hukikusanya kuwa mviringo, huku uzito ukikivuta chini. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi ni kuzungusha ufito wa chuma uliobeba kioo hicho laini, ukiwa umelala, bila kusita, ili moto uenee sawa na uzito usielemee upande mmoja. Vifaa vipo, kwa mfano kibao cha grafiti (kaboni kama ile ya ndani ya penseli) cha kutengenezea umbo la pipa, lakini joto lisipolingana kibao husogeza upande laini tu na ule mgumu hubaki ulivyo.

Jaribu nyumbani: chovya kijiti cha mishikaki kwenye asali nzito, kilaze, ukizungushe. Asali inatulia katikati. Acha kuzungusha, nayo inaning'inia mara moja.

Sokoni, pitisha ushanga kwenye waya ulionyooka na uuzungushe. Ukiyumba, tundu haliko katikati.