Buibui wa Ziwa Victoria Anayewinda Mbu Walioshiba Damu

Wakazi wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, wanaishi nyumba moja na buibui mdogo ambaye humfagia bila kujua kazi anayoifanya ukutani. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na wanasayansi walimtambua rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 2003 tu. Urefu wake ni kama milimita 5, na dume ana uso mwekundu unaong'aa. Hategi mbu kwa utando, bali huwatafuta kwa macho, akawanyemelea kama paka, kisha akawarukia.

Anachokitafuta hasa ni damu. Kwa kuwa hawezi kutoboa ngozi yetu, huifuata ndani ya tumbo la mbu jike aliyekwisha kuuma. Utafiti uliofanyika Mbita, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba akiwa na nafasi ya kuchagua, humwendea jike mwenye damu na kumwacha dume, ambaye hanywi damu kabisa.

Mbu anayempenda zaidi ni Anofelesi, aenezaye malaria. Mtazame mbu huyo akitua ukutani: kichwa huinama na sehemu ya nyuma huinuka, ilhali mbu wengine hulaza mwili sambamba na ukuta. Buibui mchanga, aliye mdogo kuliko mbu mwenyewe, huijua alama hiyo. Huzunguka polepole, akatokea nyuma, akapenya chini ya tumbo lililoinuka na kumng'ata hapo hapo. Mbu akiruka, huruka na mwindaji wake.

Hata harufu yetu humvuta. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, buibui hawa walikaa muda mrefu zaidi penye harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko penye soksi safi.

Ni kweli kwamba mbu anayekamatwa ameshamuuma mtu, ndiyo maana chandarua kinabaki kuwa cha lazima kila usiku. Hata hivyo, vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuwaambukiza wengine. Mbu aliyenyakuliwa ukutani asubuhi baada ya kunywa damu yenye vimelea hazifikii siku hizo, wala hatagi mayai ambayo damu hiyo ingeyalisha. Kwa hiyo, ufagio ukikutana na buibui huyu ukutani, tafadhali umpishe.