Kwa nini fimbo za Koitalel zilirudi, na maelfu ya vitu vingine bado viko ng'ambo?

Je, wajua kwamba fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, zilikaa Uingereza karibu miaka 100 kabla ya kurudishwa Kenya mwaka 2006?

Koitalel aliongoza vita dhidi ya Waingereza waliopitisha reli kuelekea Kisumu. Tarehe 19 Oktoba 1905, afisa wa kijeshi Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani, akamuua kwa risasi. Fimbo za uongozi wake akaondoka nazo.

Zilirudi kwa sababu hazikuingia makumbusho. Zilibaki kwa Meinertzhagen mwenyewe, kisha kwa familia yake, na mwanawe alipofikiwa alikubali kuzitoa. Hapakuhitajika bunge wala kesi.

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, haikupata bahati hiyo. Ilichukuliwa enzi za ukoloni na sasa iko British Museum, ambayo sheria ya mwaka 1963 inaizuia kutoa vitu vyake ila kwa sababu chache mno. Kwa hiyo makumbusho hayo yakidaiwa vitu vya namna hii, hupendelea kuvikopesha. Kumkopesha mtu mali aliyonyang'anywa, kwangu mimi, ni dhuluma ya pili.

Kikwazo kingine ni ushahidi. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazosimamishwa kuwakumbuka wafu, vimeibwa kwa miaka mingi. Mwizi hulipwa kidogo, dalali humpelekea mwenye duka, na mnunuzi wa Marekani huuziwa kazi ya sanaa. Kila mkono unaokipokea unafuta jina la boma kilikotoka, hata kikifika makumbusho kama zawadi ya tajiri hakuna anayejua ni cha nani. Lakini mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Viliibwa baadaye. Miaka ikapita, akavikuta Marekani, kimoja Illinois State Museum na kingine Hampton University. Picha ile ndiyo iliyomaliza ubishi, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa vyote viwili.

Ndiyo maana ningependa kila boma, kuanzia Siaya hadi Kapsabet, lipige picha kigoda cha babu, ngao na nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo), na kuandika ni vya nani. Simu tunazo.

Kwa vilivyokwisha kwenda, kazi imeanza: Makumbusho ya Taifa na washirika wake wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Wazee wa Nandi nao bado wanadai kichwa cha Koitalel, wanachosema kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Fimbo zilikuwa na familia ya kuendewa. Kwa kichwa, serikali yetu ndiyo inayopaswa kudai daftari za makumbusho za Uingereza zifunguliwe, na idai kwa jina lake, Koitalel arap Samoei.