Futi 21 za Tueller zina maana gani hasa

Watu wengi wakisikia "futi 21" wanachokumbuka ni kwamba mwenye kisu akiingia ndani ya hapo basi ruksa kumpiga risasi. Sivyo kabisa. Hiyo namba ilitoka kwenye zoezi la polisi Marekani na ilikuwa inapima muda, haikuwa ya kuchora mpaka chini.

Mwaka 1983 Dennis Tueller, mwalimu wa silaha kwenye polisi ya Salt Lake City, aliandika kwenye jarida la SWAT akiuliza mtu mwenye kisu akiwa umbali gani ndo anakuwa hatari kwa askari ambaye bastola yake bado iko kiunoni. Enzi hizo askari aliyeiva alitegemewa achomoe na kupata shabaha mara mbili kwa yadi 7 ndani ya sekunde kama 1.5, sasa Tueller akachukua watu wa umri na maumbo tofauti akawakimbiza hizohizo yadi 7 huku anapima muda, kumbe nao wanatumia kama sekunde 1.5 hivi. Yadi 7 ndo futi 21, yaani mita 6.4. Na wala hazina uchawi wowote, ulikuwa tu umbali wa kawaida wa kufanyia mazoezi ya shabaha.

Kwahiyo hapo ni ngoma droo, na droo na kisu unachomwa.

Kinachokula muda ni kichwa kuliko mkono. Hata mtu aliyekaa tayari, anasubiri taa iwake tu abonyeze kitufe, inamchukua kama robo sekunde, ni kama dereva aliyeona mbuzi anakatiza, gari inazidi kwenda kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa mwendo wa wastani wa wale wakimbiaji robo sekunde ni mita moja imeshaliwa. Na mtaani hakuna taa ya kusubiri, kuna maswali, kile ni kisu au simu, anakuja kwangu au anakimbia, nyuma yake kuna nani, na kila swali linaongeza kuchelewa, ndo maana anayeanza huwa mbele ya anayejibu. Halafu risasi haimwangushi mtu palepale kama kwenye muvi, anaweza kupigwa na bado akakufikia.

Shida ilianza zoezi lilipogeuzwa kuwa "sheria ya futi 21" na watu wakaanza kuitaja kama utetezi baada ya kuua. Tueller mwenyewe alishasema hakutunga sheria. Ukiniuliza mimi namba inadanganya pande zote mbili: mzee anayepepesuka na kisu futi 15 huko sio sawa na kijana anayekuja mbio kutoka futi 30, na askari ambaye bastola iko mkononi tayari hesabu yake ni nyingine kabisa. Mwaka 2016 taasisi ya PERF ya Marekani, inayoshughulika na utafiti wa mambo ya polisi, ikashauri idara ziachane na hiyo "sheria" na badala yake askari wafundishwe kurudi nyuma, kuweka kitu katikati, na kuongea. Gari, meza, hata geti, kitu chochote ambacho jamaa lazima akizunguke kinakuongezea sekunde, na Uingereza, ambako askari wengi hawabebi bunduki, mtu mwenye kisu mara nyingi anazungukwa kwa ngao na kuongeleshwa mpaka akiweke chini.