Kopo la stendi na bakteria wa tumboni

Mama mmoja wa Majengo, Moshi, anayeishi na kisukari, alinionyesha kopo la vidonge vya "bakteria rafiki" alilouziwa stendi. Aliyemuuzia alimwahidi kwamba sukari itashuka. Haya ndiyo aliyoniuliza.

Kwani tumboni mwangu kuna bakteria?

Wapo matrilioni, mama, wengi wao kwenye utumbo mpana. Wanakula mabaki ambayo sisi hatuwezi kuyasaga, hasa nyuzinyuzi. Unajua maziwa yanavyoganda kwenye kibuyu? Ni kazi ya bakteria vilevile. Wa tumboni wakichachua nyuzinyuzi hutoa asidi, mojawapo ni butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Nyingine huingia kwenye damu na kugusa namna mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Basi vidonge hivi vitanishushia sukari?

Vipo vilivyoishusha kidogo kwenye utafiti, vipo ambavyo havikufanya kitu. Inategemea ni bakteria gani, na wengi hupita tu bila kuweka makazi. Nakusihi, usiache metfomini, dawa yako ya kisukari, kwa ajili ya kopo hili. Metfomini yenyewe hubadilisha bakteria wa tumboni. Ila kwa kuwa umeinywa miaka mingi, omba kliniki wakupime vitamini B12, maana huweza kuipunguza.

Nikimaliza antibayotiki je, si ndipo vinafaa?

Si lazima. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli waliona waliokunywa vidonge vya bakteria baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili.

Binti yangu ni mjamzito, anapewa vidonge vya madini ya chuma.

Aendelee navyo, damu ni muhimu. Chuma kisichofyonzwa hufika utumbo mpana na baadhi ya bakteria wabaya hukipenda. Kwa watoto wachanga nchini Kenya hilo lilionekana. Ndiyo maana asiongeze vingine vya dukani bila kupimwa damu.

Sasa nile nini?

Kande yenye maharage mengi, mboga za majani, ndizi. Hata kiporo cha ndizi kina faida, kwani wanga ukipoa sehemu yake hugoma kusagwa na kuwafikia bakteria. Kihifadhi vizuri na ukipashe hadi kichemke. Kipimo cha sahani usikisahau, ndizi bado ni wanga. Maharage ongeza kidogo kidogo na unywe maji, la sivyo wiki ya kwanza tumbo litajaa gesi, utasema nimekudanganya.