Je, wajua kwa nini njia ya miguu haioti nyasi?

Ukitoka Tabora mjini kuelekea Ipuli, nyumba zikianza kuachana, utakuta njia za miguu zimekatisha viwanja ambavyo bado havijajengwa. Ni mstari mweupe, upana wake watu wawili wakipishana kwa kubanana, na majani yamesimama huku na huku. Kwa nini hapo katikati hapaoti kitu?

Jibu langu kwa miaka mingi lilikuwa hili la wengi: nyayo zinaua majani. Kila yakichipua, yanakanyagwa. Basi watu wakiacha kupita, mvua za msimu mmoja zinatosha kupafunika. Nililiamini kiasi cha kumhakikishia jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, aliyezungusha wigo wa minyaa kwenye kiwanja chake na kuifunga njia iliyokuwa ikipita katikati. Akapanda mahindi. Yalipofika magotini, njia ikajitokeza upya: mstari wa mahindi mafupi, ya manjano, umepinda palepale njia ilipokuwa ikipinda.

“Labda mbegu, mzee,” nikamwambia.

“Mbegu gani inayojua njia?”

Hapo ndipo nadharia ya nyayo inapokwama. Kwanza, mahindi yale hayakuwa yamekanyagwa na mtu. Pili, nyasi si mmea wa kufa kwa kukatwa juu. Mahali zinapokulia pako chini, karibu kabisa na udongo, ndiyo maana ng'ombe wanakula leo na wiki ijayo wanarudi palepale. Ukoka hata ukiukanyaga hutambaa na kuweka mizizi kila kwenye kifundo. Ingekuwa kukatwa kunatosha kuua nyasi, mifugo ya Unyamwezi ingekuwa imeshamaliza malisho zamani. Sisemi nyayo hazina hatia. Mche mchanga ukikanyagwa unakufa, hilo halina ubishi. Ila kinachokanyagwa zaidi ni udongo wenyewe.

Fikiria debe la unga sokoni. Muuzaji akilijaza bila kulitikisa, limejaa. Litikise, ligonge chini mara tatu, unga unashuka, na wewe mnunuzi unadai nyongeza. Unga haukupungua hata chembe. Kilichotoka ni hewa iliyokuwa katikati ya chembe. Udongo mzuri wa juu uko hivyohivyo: karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu, zenye maji na hewa. Nafasi kubwa ndizo zinazopitisha maji ya mvua kwenda chini na ndizo mzizi unazopenya. Ukikanyaga, hizo kubwa ndizo zinazoanza kufa. Zinabaki ndogondogo, ambazo hata zikiwa na maji huyang'ang'ania.

Mzizi hauna jembe. Unasukuma tu kwa ncha yake, na udongo ukifikia ukinzani wa takriban kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba, mizizi ya mimea mingi husimama. Mvua nayo, ikikosa pa kuingilia, inatiririka juu ya njia na kuondoka na udongo wenye rutuba. Mbegu iliyoangukia hapo inakuta sakafu. Mzee wa reli hakuhitaji maelezo marefu: kazini walikuwa wakishindilia kokoto chini ya mataruma, tena kwa makusudi.

Lakini mtu wa kilo 70 ana uzito gani wa kushindilia ardhi? Akisimama kwa mguu mmoja, ni chini ya nusu kilo kwa sentimita ya mraba. Kisigino kinapotua ni zaidi, maana eneo ni dogo. Na hapa pana kioja: mgandamizo wa tairi juu ya ardhi unakaribiana na upepo uliomo ndani. Gari dogo hujazwa upepo wa kama paundi 30, baiskeli mara nyingi huzidi kiasi hicho. Kwa kila sentimita, basi, baiskeli inabana kuliko gari! Gari hulipiza kwa uzito wake wote, ambao unafika chini zaidi.

Siri nyingine ni maji. Udongo wenye unyevu chembe zake zinateleza na kupangana, kwa hiyo hatua moja ya Januari inashindilia kuliko nyingi za Agosti. Tena madhara makubwa hutokea kwenye mapito ya mwanzo. Yanayofuata yanaongeza kidogo kidogo tu.

Kupona ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvuani na kupasuka kiangazi, hujifungua wenyewe. Udongo wa kichanga hauna ufundi huo. Unasubiri mizizi, mchwa na wadudu wengine, na hiyo ni miaka. Kaskazini mwa Syria, njia zilizokanyagwa na watu na mifugo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita bado zilionekana kwenye picha za satelaiti za miaka ya 1960, kama mabonde mapana ya kina kifupi. Ile barabara ya misafara ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo huku kwetu watu huionyesha zaidi kwa miembe.

Kwa mahindi ya mzee, sitaapa kwamba ni ugumu wa udongo peke yake. Rutuba iliyosombwa na maji inaweza kuwa na sehemu yake, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Alikuwa amepiga matuta, na tuta hupandishwa juu ya udongo usiotifuliwa, kwa hiyo sakafu ilibaki chini kama ilivyokuwa. Msimu uliofuata alipita na sururu pale kwenye mstari, akachanganya samadi.

Wapita njia wao walihamia nje ya wigo tangu mwaka ule wa kwanza. Njia mpya ilikuwa nyeupe kabla mahindi hayajatoa mbelewele.